Sira ya Mtume ianzie sokoni: maneno yangu kwa tunaofundisha dini sekondari

Ukimsimamisha mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Mbeya ukamwambia nieleze Uislamu ulivyoanza, atakutajia mwaka wa tembo, 570, aliozaliwa Mtume, atakutajia wahyi (ufunuo) wa kwanza pango la Hira 610, hijra (kuhamia Madina) 622, vita vya Badr, Uhud, Khandaq, kufunguliwa Makka 630, Mtume (s.a.w) kufariki 632, anazimwaga zote bila kuvuta pumzi na mimi huwa nampongeza kwa moyo wote maana siyo kazi ndogo. Sasa muulize swali la pili. Wale watu wa Makka walipoambiwa waache walichokuwa wanafanya, waliambiwa waache nini? Wengi watakujibu "kuabudu masanamu", halafu kimya. Jibu ni sahihi ila ni nusu, na hiyo nusu nyingine ndo imenifanya nikae chini niandike haya yote, maana nafundisha dini kwa kujitolea kwenye kipindi cha dini sekondari, mama yangu anauza nafaka soko la Mwanjelwa, na kadiri ninavyokaa katikati ya hizo sehemu mbili, darasani na sokoni, ndivyo ninavyoona tunawapa watoto tarehe na kuwanyima habari yenyewe.

Nianze na jambo ambalo nikilisema darasani hata waliokuwa wanasinzia wanainua vichwa. Mtume alikaa Makka miaka 13 baada ya wahyi wa kwanza. Miaka hiyo yote hakukuwa na funga ya Ramadhani, hiyo ilifaradhishwa Madina mwaka wa 2 wa hijra, yaani 624. Zaka yenye viwango na hesabu zake, Madina. Kukatazwa pombe, Madina, tena kwa hatua. Hata sala tano zenyewe zilifaradhishwa usiku wa Miraji, Mtume alipopandishwa mbinguni, ambao ni miaka ya mwishomwisho ya Makka. Sasa hiyo miaka yote Qur'an ilikuwa inashuka inasema nini? Ilisema Mungu ni mmoja, ilisema kuna siku ya kufufuliwa na kuhesabiwa, halafu ikasema, kwa ukali ambao ukiusoma taratibu unatetemeka, kuhusu yatima, maskini, mtumwa, mtoto wa kike na mali.

Fungua Surat Fajr, utakuta watu wanaambiwa hamumkirimu yatima, hamhimizani kulisha maskini, mnakula urithi kwa pupa na mnapenda mali kupita kiasi. Fungua Takwir, siku ya kiama inaelezwa jua linakunjwa, nyota zinapukutika, bahari zinawaka, na katikati ya hayo yote makubwa anaulizwa binti mdogo aliyefukiwa akiwa hai, uliuliwa kwa kosa gani. Fungua Humaza, ole wake anayekusanya mali na kuihesabu akidhani itamfanya aishi milele. Balad ndo kabisa, inataja njia ngumu ya mlima ambayo binadamu hataki kuipanda, na mtu yeyote aliyepanda mlima Kitonga ndani ya lori lililojaa mahindi anajua njia ya mlima ni kitu gani, halafu inasema huo mlima ni nini, ni kumwacha huru mtumwa, ni kulisha siku ya njaa, yatima aliye ndugu au maskini aliyelala vumbini. Na yule anayepewa maneno haya ayafikishe mwenyewe alikuwa yatima, baba yake Abdallah alifariki kabla hajazaliwa, mama yake Amina akafariki yeye ana miaka 6, babu yake Abdul-Muttalib akafariki yeye ana miaka 8, akalelewa na ami yake Abu Talib. Kwa hiyo Surat Dhuha inapomkumbusha, je hakukukuta yatima akakupa makazi, basi yatima usimwonee, mwanafunzi aliyelelewa na bibi yake pale Ilomba anaielewa sura hiyo kuliko mimi ninayemfundisha, na nimeona macho yao wakati naisoma.

Tukirudi nyuma zaidi, kabla hata ya wahyi, kuna habari ambayo vitabu vya shule vinaipitia kwa mistari miwili mitatu wakati ni hazina. Mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa zake. Akazinunua mkubwa mmoja wa Kikuraishi, kabila la wenye mji, anaitwa As bin Wail, akachukua mzigo, hela hakutoa. Huyo mgeni hana ukoo pale mjini, hana mjomba wala kabila la kumsimamia, akazunguka kwa wakubwa wengine wakamfukuza, wakaona bora wamlinde mwenzao. Basi akapanda mlima Abu Qubais asubuhi Makuraishi wakiwa wamekaa kuzunguka Kaaba, akapaza sauti akaitaja dhuluma yao mbele ya nyumba yao takatifu. Kuna watu maneno yale yaliwaingia. Zubair bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, akasimama, wakakusanyika koo kadhaa nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an wakala kiapo kwamba kuanzia siku hiyo yeyote atakayedhulumiwa Makka, awe mwenyeji awe mgeni, wao wako upande wake mpaka haki yake irudi, kisha wakaenda kwa As wakamchomoa mali ya yule Myemeni. Hicho ndo kinaitwa Hilf al-Fudul. Muhammad alikuwepo akiwa kijana wa miaka kama 20 hivi, na baadaye sana, akiwa ameshakuwa Mtume, akasema kiapo kile hawezi kukibadilisha hata kwa ngamia wekundu, mali ya thamani kubwa kwa Waarabu, na lau angeitwa tena kwenye jambo kama lile ndani ya Uislamu angeitika. Fikiria vizuri, wale waliokula kiapo walikuwa washirikina, yaani waabudu masanamu, na Mtume anasema hata leo ningeitika, yaani haki ya mtu aliyeibiwa ni haki, haijalishi nani kaanza kuisimamia.

Wanafunzi wangu As bin Wail wanamjua sana sasa kwa sababu huwa namfuatilia hatua kwa hatua. Miaka mingi baadaye Uislamu umeshaanza, kuna fundi chuma anaitwa Khabbab bin Arat, masikini, mmoja wa Waislamu wa mwanzo kabisa. Akamfanyia As kazi ya kutengeneza upanga, akaenda kudai ujira wake. As akamwambia sikulipi mpaka umkane Muhammad. Khabbab akajibu simkani mpaka ufe kisha ufufuliwe. As akacheka, kwani mimi nitafufuliwa? Basi nikifufuliwa nitakuwa na mali na watoto, nitakulipa huko huko. Ikashuka aya kwenye Surat Maryam, umemwona yule aliyekanusha aya zetu na akasema hakika nitapewa mali na watoto? Mtu yule yule! Kwanza mgeni wa Yemen, sasa fundi. Waulize watoto kama hawamjui mtu wa namna hiyo mtaani, bosi anayemzungusha kibarua wa kuvuna mpunga kila siku njoo kesho, wote watakuambia wanamjua, mikono itajaa darasa zima. Hapo ndipo historia ya karne ya 7 inaingia darasani.

Halafu nenda Habash, eneo la Ethiopia ya leo. Mwaka 615 hivi mateso yalipozidi Makka Mtume aliwaambia wafuasi wake waende Habash, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Mfalme Mkristo, Afrika hii hii, ng'ambo ya bahari ya Shamu. Likaenda kwanza kundi dogo lisilofika watu 20, baadaye likafuata kubwa zaidi, zaidi ya 80. Makuraishi wakatuma wajumbe wawili na zawadi za ngozi kwenda kuwadai warudishwe, na mmoja wa wajumbe ni Amr, mtoto wa yule yule As bin Wail (Amr alisilimu baadaye na akawa mtu mkubwa sana kwenye Uislamu, nalisema hili mapema maana watoto huwa wanamchukia haraka). Najashi, ndiye huyo mfalme, akawaita wakimbizi akawauliza dini yenu hii ni dini gani. Aliyesimama kujibu ni Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, na jibu lake tunalo kwa sababu Ummu Salama, mmoja wa wakimbizi, alikuwepo pale akalihifadhi na kulisimulia.

Naomba utulie kidogo kwenye jibu la Jaafar maana mimi nadhani ndo somo la kwanza la dini kuwahi kutolewa kwa mtu wa nje ya Arabuni. Alisema tulikuwa watu wa ujinga, tunaabudu masanamu, tunakula mizoga, tunafanya machafu, tunakata undugu, tunawatendea ubaya majirani, na mwenye nguvu kati yetu anamla mnyonge. Tukawa hivyo mpaka Mungu akatuletea Mtume tunayeijua nasaba yake, ukweli wake, uaminifu wake na usafi wake, akatuita tumwabudu Mungu mmoja, akatuamrisha kusema kweli, kurudisha amana, kuunga undugu, kuwafanyia wema majirani, na akatukataza kula mali ya yatima na kuwasingizia uchafu wanawake wanaojiheshimu. Kisha akamsomea mwanzo wa Surat Maryam, Najashi akalia mpaka ndevu zikalowa. Yaani mtu ana dakika chache mbele ya mfalme, maisha ya wenzake wote yako mdomoni mwake, anaeleza dini yake kwa kumtaja Mungu mmoja na jirani kwenye sentensi moja.

Habari hii kwa huku kwetu ina uzito wa pekee. Nyanda za juu Waislamu siyo wengi, darasani kwetu wakati wa kipindi cha dini Wakristo wanabaki kwenye chumba kikubwa sisi tunahamia chumba kidogo, na familia nyingi zimechanganyika, unakuta bibi Mwislamu, baba mdogo Mmoraviani, shangazi Mlutheri, na msiba ukitokea wote wako jikoni pamoja wanapika. Mtoto wa Kiislamu wa Tukuyu au wa Iringa akijua kwamba hifadhi ya kwanza ya dini yake ilikuwa kwa mfalme Mkristo wa Kiafrika, na kwamba huyo mfalme alipofariki mwaka wa 9 wa hijra Mtume aliwapanga watu Madina akamsalia sala ya jeneza akiwa mbali, anapata cha kumsimulia baba yake mdogo jioni.

Sasa nije kwenye siku ambayo kwangu ilibadilisha kabisa namna ninavyofundisha. Tulikuwa tunasoma Surat Mutaffifin. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, anasimulia kwamba Mtume alipofika Madina watu wa pale walikuwa wabaya sana kwenye vipimo, ikasomwa kwao sura hii, wakajirekebisha. Aya zake za mwanzo zinasema ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu wanachukua kamili, na wao wakiwapimia watu wanapunguza. Nikauliza kama kuna mwenye swali. Binti mmoja wa kidato cha tatu, kwao Isyonje, wakulima wa viazi, akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, lumbesa imo humu?"

Kwa asiyejua, lumbesa ni gunia la viazi lililojazwa mpaka mdomoni halafu halifungwi, linaongezewa kipande cha neti juu, viazi vinapangwa kimojakimoja kwa ustadi mpaka kinasimama kichwa kizima juu ya gunia, ndipo kinashonwa kwa kamba. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya nchi inasema gunia lisizidi kilo 100, kila mtu shambani anaijua, na lumbesa inaendelea.

Kabla sijafungua mdomo kijana mmoja ambaye baba yake ni dalali akajibu, "Hiyo siyo dhuluma Mwalimu, ni makubaliano, mkulima mwenyewe kakubali, si dini inasema biashara iwe kwa kuridhiana?" Na kweli inasema, Surat Nisaa aya ya 29, alikuwa ameisoma vizuri kijana wa watu. Yule binti hakunitazama mimi, akamgeukia yeye. Akasema, "Lori likija ni moja, mvua inanyesha, viazi vimeshachimbwa viko chini, ukikataa lumbesa linaondoka linaenda kwa jirani, wewe vyako vinaota. Baba anakubali ndiyo. Ila haridhiki." Darasa likawaka. Wengine upande wa dalali, wengine wa mkulima, mmoja akasema wakulima wakiungana wote wakakataa itakuwaje, mwingine akamjibu mwenye deni la mbolea haungani na mtu. Nikawaacha wabishane karibu kipindi kizima, mi naandika tu hoja ubaoni.

Mwisho nikawarudisha kwenye aya. Nikawaambia someni tena, zina pande mbili. Wakijipimia wao, wanachukua kamili. Wakiwapimia wengine, wanapunguza. Haya, viazi vikitoka Isyonje vinapimwa kwa nini? Kwa lumbesa, kimejaa na kupitiliza. Vikifika mjini vinauzwa kwa nini? Wakasema kwa sado, yaani kopo la kupimia, kwa ndoo ndogo, kwa fungu. Na ile sado ikoje kitako? Hapo wakaanza kuguna wenyewe, maana kila mtoto aliyetumwa sokoni anajua kuna sado zimegongwa kitako zikaingia ndani. Yaani aya mbili zinaitembea barabara nzima ya kutoka shambani mpaka Mwanjelwa, mkulima anaibiwa juu ya gunia, mama anayepikia watoto anaibiwa chini ya kopo, na mzigo ni ule ule. Nikawaambia pia kuna Mtume mzima alitumwa na ujumbe huu, Nabii Shuaibu kwa watu wa Madyan, timizeni kipimo na mizani wala msiwapunguzie watu vitu vyao, na watu wake walimjibu kwa kejeli, je sala yako ndiyo inakuamrisha tusifanye tutakavyo kwenye mali zetu? Hili jibu liko Surat Hud aya ya 87, na ukilisikiliza utaona ni maneno ya leo kabisa, dini ibaki msikitini, biashara ni biashara.

Msimamo wangu nausema wazi. Mi siyo mufti, sitoi fatwa, ila ridhaa ya mtu ambaye mlango wake ni mmoja na wewe umeusimamia siyo ile ridhaa iliyotajwa kwenye Nisaa, na atakayeniambia lumbesa ni makubaliano tu nitamwomba akawe yeye upande wa kuuza kwa msimu mmoja.

Wiki iliyofuata nikaja na sado mbili kutoka kwa mama, moja nzima na moja ambayo mama aliinunua zamani ikiwa imeshagongwa na hajawahi kuitumia kupimia, anawekea pumba za kuku. Tukajaza maharage kwenye iliyogongwa mpaka ikawa sawasawa na ukingo, tukaimimina kwenye nzima. Ikapungua vidole viwili. Watoto walinyamaza kabisa, kila mmoja akaja kuweka vidole vyake akapima pengo mwenyewe. Halafu ndo nikawasomea hadithi ya Abu Huraira, ile iliyomo kwenye kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim, Mtume alipita sokoni akakuta lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Akauliza nini hiki ewe mwenye nafaka? Akajibu imenyeshewa na mvua, ewe Mtume wa Mungu. Akamwambia kwa nini usiiweke juu watu waione? Anayeghushi si katika mimi. Kuna mmoja akasema hapo hapo, kumbe hata kuweka mchele wa Kyela juu na wa kwingine chini. Sikuongeza neno. Angalia hadithi yenyewe Mtume alivyofanya, hakumuuliza huyo mfanyabiashara unasali au husali, aliingiza mkono kwenye nafaka.

Baada ya hapo ndipo usiku wa hijra ukawa na maana nyingine kwao. Wote wanajua Ali, binamu yake Mtume, alilala kitandani kwake usiku ule wa mwaka 622 wakati vijana wa kila ukoo wamezunguka nyumba na mapanga wamuue Mtume. Ila kwa nini Ali alibaki Makka siku tatu zaidi? Alibaki anarudisha amana. Watu wa Makka, hao hao waliomwita mwongo na mchawi, mali zao za thamani walikuwa wanamwekesha yeye, kwa sababu tangu ujana wake walimwita Al-Amin, mwaminifu, na hawakuwa na mwingine wa kumwamini. Kijana mmoja akaniuliza swali zuri sana, si walikuwa wamewanyang'anya Waislamu nyumba na mali, kwa nini wasikate humo humo wafidie? Swali la haki kabisa, Mwislamu kama Suhaib Rumi aliacha mali yake yote ili tu aruhusiwe kutoka. Nikamjibu kwamba aliyekuwekesha mkufu wake siyo lazima awe ndiye aliyemnyang'anya Suhaib, na hata angekuwa ndiye, amana haigeuki kuwa fidia kwa sababu umekasirika, deni lina njia yake na amana ina njia yake.

Na kama una nafasi ya habari moja tu kwa muhula mzima, wasimulie ya Abul-As bin Rabii, ambayo nashangaa inavyosahauliwa. Huyu alikuwa mume wa Zainab, binti mkubwa wa Mtume, ila hakusilimu, wakatengana, Zainab akahamia Madina. Mwaka wa 6 wa hijra Abul-As anatoka Sham, upande wa Syria, na msafara, amebeba mali yake na mali alizowekeshwa na watu wa Makka awafanyie biashara. Kikosi cha Waislamu kikauteka msafara, yeye akaponyoka, akaingia Madina usiku kimyakimya mpaka kwa Zainab akaomba hifadhi. Alfajiri watu wameshafunga sala, Zainab akapaza sauti kutoka upande wa wanawake, enyi watu, mimi nimempa hifadhi Abul-As! Mtume alipomaliza sala akasema wallahi sikujua lolote mpaka niliposikia mliyosikia, na hifadhi inayotolewa na Mwislamu wa chini kabisa inawafunga wote. Kisha akawaambia wale waliouteka, mkipenda kumrudishia ni wema wenu, mkikataa ni haki yenu. Wakarudisha kila kitu, mpaka ndoo chakavu na vipande vya kamba.

Abul-As akarudi Makka, akampa kila mwenye chake chake. Akasimama akauliza, enyi Makuraishi, kuna mtu amebakiwa na mali yake kwangu? Wakasema hapana, Mungu akulipe heri, tumekukuta mtimizaji na mkarimu. Hapo ndipo akatoa shahada, tamko la kusilimu, mbele yao wote, akawaambia wallahi hakuna kilichonizuia kusilimu nikiwa kule Madina ila niliogopa msije mkadhani nilitaka kula mali zenu. Mtu anachelewesha shahada, shahada yenyewe! ili isionekane kaitumia kukwepa deni. Nikiwasimulia hii darasani huwa siulizi maswali ya taja na eleza, nawaacha waandike wanachotaka, na ndizo karatasi nzuri kuliko zote ninazosahihisha mwaka mzima.

Ya ufunguo wa Kaaba wanaijua wengi, nitaipitia haraka, 630 Mtume ameingia Makka mshindi, ufunguo uko mikononi mwake, ndugu zake wa karibu wanautaka, yeye akamrudishia Uthman bin Talha ambaye ukoo wake ndo uliokuwa unaushika, na mpaka leo uko kwa ukoo huo huo, Banu Shaiba.

Yule kijana wa dalali alinifuata baadaye nje, akanisalimia shikamoo mara ya pili siku hiyo hiyo, nikajua kuna jambo. Akauliza, sasa ada yangu, baba si anailipa kwa hela hizo hizo? Nikamwambia kwanza ada yako siyo mzigo wako, wewe ni mtoto, kazi yako ni kusoma. Pili, kama unataka kuzungumza na baba, nenda kaangalie Surat Maryam kuanzia aya ya 42 Ibrahim anavyozungumza na baba yake, mara nne anaanza na ewe baba yangu, na baba mwenyewe alikuwa anaabudu sanamu. Usimpigie hotuba mezani mbele ya wadogo zako. Mkiwa wawili, muulize kazi yake inavyokwenda, atakueleza mambo ambayo wewe na mimi hatuyajui, kwamba juu yake kuna tajiri wa Dar anayetaka gunia kubwa, kwamba kuna ushuru njiani, kwamba akileta gunia la kawaida linakataliwa. Msikilize mpaka amalize, ndipo umuulize kama kuna hata mkulima mmoja anayeweza kumpimia kwa mizani akaona inakuwaje. Hajaniletea jibu na simuulizi.

Kwa wenzangu mnaofundisha Iringa, Njombe, Makambako, Tunduma, popote huku juu, muhula ujao mimi naanza na Hilf al-Fudul kabla ya Hira, halafu sura fupi za Makka, halafu Jaafar mbele ya Najashi, na tarehe nazibandika juu ya hizo habari wakishazipenda, mtihani wa taifa hauna ugomvi na mtoto anayejua zaidi. Sado iliyogongwa haikosekani soko lolote, ulizia kwa kina mama wanaouza nafaka, ukieleza ya nini watakupa bure. Mizani azima duka la mtaani jioni wakati wateja wamepungua, na umwambie mwenye duka mapema kwamba wanafunzi wataanza kwa kuijaribu mizani yake.